Nilishusha maiki ya dada aliyekuwa ananena kwa lugha, naambiwa nimemzimisha Roho. Nilikosea wapi?

#1 Fundi Mitambo
Wakuu, salaam.

Mimi ndiye yule anayekaa nyuma kabisa kanisani, kwenye mashine ya sauti. Kanisa letu ni la Kipentekoste, la kawaida tu, bati na viti vya plastiki. Jumapili iliyopita tulikuwa na wageni wengi. Familia moja iliyofiwa walikuja kutoa shukrani baada ya msiba, na waliongozana na ndugu na majirani: Walutheri, Wakatoliki, na Waislamu wawili watatu.

Baba wa familia akapewa maiki aseme neno. Ana karatasi yake mkononi, anaanza kumtaja marehemu mkewe, sauti inakwama. Hapo hapo dada mmoja wa timu ya sifa, ambaye hakuwa amerudisha maiki yake, akaanza kunena kwa lugha, yale maombi ya maneno yasiyoeleweka ambayo kwetu tunaamini yanatoka kwa Roho. Sauti juu. Dakika moja, mbili, tatu. Yule baba kasimama tu na karatasi. Nikamtazama mchungaji, kafumba macho. Nikawatazama wazee, nao wamefumba. Nikashusha maiki ya dada, nikapandisha ya baba. Dada aliendelea bila maiki, baba akasoma karatasi yake mpaka mwisho.

Ibada ilipoisha niliitwa pembeni. Nusu wananipongeza kwa siri, nusu wanasema nimemzimisha Roho Mtakatifu kwa kidole. Nilikosea?

#2 Chumvi Kidogo
Nakaa hapa na karanga zangu. Huu uzi hauishi leo.

#3 Mnyiramba Asilia
Ulikosea, ndugu. Paulo aliwaandikia Wakorintho, "Msimzimishe Roho." Roho akishuka hafuati ratiba ya kwenye karatasi. Wewe umepewa waya, si madhabahu.

#4 Mzee wa Kigango
Mnyiramba, hilo neno lipo 1 Wathesalonike 5:19, si Wakorintho. Na usilikate njiani, linaendelea: "msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema." Wakorintho ndiko unakoumbuka sasa. Soma waraka wa kwanza, sura ya 14, mstari wa 27 na 28: wanene wawili, wakizidi sana watatu, tena zamu kwa zamu, na mmoja afasiri. Mfasiri asipokuwepo, mtu anyamaze katika kanisa, aseme na nafsi yake na Mungu. Fundi, huyo dada alikuwa na mfasiri?

#5 Fundi Mitambo
Hakuwepo. Kwetu sijawahi kumwona hata mmoja tangu niokoke.

#6 Mnyiramba Asilia
Mzee, asante kwa kunisahihisha mstari. Ila shuka mpaka wa 39 hapo hapo: "wala msizuie kunena kwa lugha." Fundi kazuia. Kesi imekwisha.

#7 Fundi Mitambo
Sikuzuia kunena, aliendelea kunena vizuri tu. Nilichozuia ni spika. Spika Paulo hakuzitaja.

#8 Chumvi Kidogo
😂😂 Huyu fundi angesoma sheria.

#9 Mama Wawili
Nyie mnabishania lugha, ambayo angalau haimtaji mtu kwa jina. Mimi yangu ilikuwa unabii.

Miaka hiyo nilikuwa nina mwaka wa tano kwenye ndoa, sina mtoto. Nikamshawishi mama mkwe tukasali pamoja kanisani kwetu, kulikuwa na mtumishi mgeni. Mama mkwe ni wa madhehebu mengine, alikuja kwa sababu alinipenda. Katikati ya ibada mtumishi anasema, "Kuna mwanamke hapa, gauni la kijani, tumbo lako limefungwa, na aliyelifunga umekaa naye." Gauni la kijani ni langu. Niliyekaa naye ni mama mkwe. Kanisa zima likageuka. Watu wakaanza kushangilia, "Amina! Sema baba!" Yule mama alinishika mkono, akaniuliza kwa Kihaya, polepole, "Wanasema nini hawa?" Alikuwa amesikia vizuri sana. Alitaka tu nimwambie hakusikia sawasawa.

Hakukanyaga tena pale. Miezi saba hatukuongea vizuri, mimi naye, hatukujua tuanzie wapi. Na niseme ukweli wangu wote: kwa muda nilimwamini yule mtumishi. Nilikuwa nikiletewa chakula na mama mkwe nakiangalia mara mbili.

Watoto nilikuja kupata, wawili kama jina langu lilivyo, na aliyeniogeshea wote ni huyo huyo mama. Sasa niambieni, ule ulikuwa ni karama au ni nini? Maana wapo wanaoniambia mpaka leo kwamba alifungua baada ya kuumbuliwa.

#10 Mzee wa Kigango
Pole sana, binti. Sura ile ile, mstari wa 3, inasema huyo asemaye kwa unabii husema na watu maneno ya kuwajenga, na kuwafariji, na kuwatia moyo. Hapo nani alijengwa? Nani alifarijiwa?

Kwetu sisi wa karismatiki katoliki (vuguvugu lilianzia kwa wanafunzi na walimu kule Pittsburgh, Marekani, mwaka 1967, si la juzi kama wengi wanavyodhani), mtu akipata neno juu ya mtu mwingine anapeleka kwanza kwa viongozi wa kikundi. Wanalipima. Nusu ya maneno hayo hufia kwenye kupimwa. Si kwamba sisi ni watakatifu, tumeumia mara nyingi tu.

#11 Kalamu Nyekundu
Mzee, naongeza kidogo. Wengi wetu tunaosoma Biblia ya Union tunapita hapo bila kuona neno "unabii" kabisa, maana Union imeandika "kuhutubu". "Yeye anenaye kwa lugha hujijenga nafsi yake, bali ahutubuye hulijenga kanisa." Biblia ya Habari Njema wao wakaweka "kutangaza ujumbe wa Mungu". Kwa hiyo bibi yangu wa Kilutheri alisoma sura hiyo maisha yake yote akijua inazungumzia mahubiri ya mchungaji, wakati kijana wake wa Kipentekoste anaisoma akijua ni kutabiri. Wanabishana mezani, kumbe kila mmoja ana neno lake kichwani.

#12 Mnyiramba Asilia
Kalamu, kwa hiyo wafasiri walikosea?

#13 Kalamu Nyekundu
Sijasema hivyo. Neno la Kigiriki linabeba kunena kwa niaba ya Mungu. Kutabiri yajayo ni sehemu tu. "Kuhutubu" linachukua upande mmoja, "kutabiri" linachukua upande mwingine. Ila Mama Wawili hapo juu hakuhutubiwa, alishitakiwa.

#14 Sabato Njema
Nyote mnakwepa swali la msingi. Lugha za Matendo 2 zilikuwa lugha za watu: Waparthi, Wamedi, Waelami, kila mmoja akasikia lugha ya kwao. Hakuna aliyehitaji kufumba macho. Kinachofanyika leo ni silabi tatu zinazorudiwa. Msingeshusha maiki, mngeizima kabisa.

#15 Mnyiramba Asilia
Sabato, sasa hapo ndipo mnapotukanyaga. Paulo mwenyewe anasema anayenena kwa lugha hasemi na watu bali na Mungu, maana hakuna asikiaye. Ingekuwa Kiparthi, Mparthi angesikia. Na amesema ananena kwa lugha kuliko wote wa Korintho, 14:18.

#16 Sabato Njema
Msikate njiani kama alivyosema Mzee. 14:19: katika kanisa, heri maneno matano kwa akili kuliko elfu kumi kwa lugha.

#17 Chumvi Kidogo
Matano kwa elfu kumi. Nimepiga hesabu, neno moja la akili ni sawa na elfu mbili za lugha. Ni kama kubadilisha dola kwa shilingi.

#18 Kinanda cha Kuazima
Niungame kitu, na mchungaji wangu asiione hii. Napiga kinanda mwaka wa tisa. Mimi ndiye najua Roho "atashuka" saa ngapi. Nikikaa kwenye kodi moja ndefu (sauti kadhaa zikipigwa pamoja), nikaipandisha nusu hatua, nikaongeza sauti za nyuzi, watu wananena. Nikishusha, wanashuka. Kuna siku luku ya umeme iliisha katikati, kinanda kikazima, na ndani ya dakika moja kanisa zima lilikuwa limekaa linajipepea na vitabu vya nyimbo. Nilikosa usingizi siku ile. Sijaacha imani, ila nilikosa usingizi.

#19 Binti Nyamagana
Kinanda, Daudi alimpigia Sauli kinubi roho mbaya ikaondoka. Muziki kumgusa mtu haina maana kilichomgusa ni cha uongo. Mimi nalia nikisikia ngoma za harusi za kwetu, na machozi ni ya kweli.

#20 Kinanda cha Kuazima
Nakubali. Ila ngoma za harusi haziniambii nishangilie mama mkwe wa mtu akiumbuliwa. Siku hiyo ya Mama Wawili lazima palikuwa na mwenzangu kwenye kinanda, na lazima alipandisha. Hapo ndipo ninapopakimbia.

#21 Mikono Inasema
Mimi ni mkalimani wa lugha ya alama. Kanisani kwetu tuna viziwi sita, wanakaa mstari wa mbele kushoto, nasimama mbele yao ibada nzima. Mahubiri natafsiri, nyimbo natafsiri, matangazo ya harambee natafsiri. Watu wakianza kunena kwa lugha mikono yangu inasimama.

Mara ya kwanza walinitazama, wakauliza, "Wanasema nini?" Nikaashiria, "Wananena kwa lugha." Wakauliza, "Lugha gani?" Nikaashiria, "Sijui." Mzee mmoja kiziwi akacheka, akaniashiria, "Karibu kwetu. Leo na nyie mmekuwa kama sisi." Sijui kama alikuwa anatania.

Kinachoniuma si kunena. Ni kwamba inaweza kupita robo saa na hakuna mtu hata mmoja anayekumbuka kuna watu sita hapo mbele wanaangalia midomo ikienda. Halafu mwishoni wote wanasema Amina, na sita wananiangalia mimi niwaambie Amina ya nini. Paulo aliuliza swali hilo hilo, mtu asiyejua ataitikaje Amina?

#22 Fundi Mitambo
Mikono, umeniweka kimya. Yule baba na karatasi yake alikuwa hivyo hivyo.

#23 Mjukuu wa Tanga
Mimi Muislamu, nimeingia humu kwa sababu ya kichwa cha habari. Nishawahi kuwa "mgeni" wa aina hiyo, jirani yangu alifiwa tukaenda naye kanisani. Walipoanza nilidhani kuna mtu kaanguka kifafa, nikasimama nitafute maji. Jirani akanivuta shati, "Kaa, ni maombi." Baadaye tulicheka sana, lakini siku ile niliogopa.

Kwetu Ijumaa imamu akiwa kwenye hotuba, hata ukimwambia mwenzio "nyamaza" tayari umefanya upuuzi. Fundi kwetu ungekosa ajira.

#24 Mzee wa Kigango
Mjukuu, karibu. Na yaliyokupata yameandikwa: 14:23, kama wote wakinena kwa lugha na wakaingia wasioamini, je, hawatasema kwamba mna wazimu? Wewe umekuwa mstaarabu, umetafuta maji.

#25 Mpwani wa Mombasa
Wacha niongeze la mji wenyewe, maana watu husoma barua bila kumjua aliyeandikiwa. Korintho ilikuwa na bandari mbili, Lekayo upande mmoja na Kenkrea upande mwingine, kama sisi hapa na Kilindini na Bandari ya Kale. Warumi waliibomoa mwaka 146 KK, Julius Caesar akaianzisha upya mwaka 44 KK. Kwa hiyo Paulo anapoandika, katikati ya miaka ya 50 BK, ni mji wa watu wa kuja: mabaharia, watumwa walioachwa huru, matajiri wapya. Kila mtu anataka aonekane.

Na angalieni sura ya 11, kabla hata hajafika kwenye karama. Wanakutana kula chakula cha Bwana, wenye nacho wanatangulia kula, "huyu ana njaa, na huyu amelewa." Dawa anayowapa ni neno moja: mngojane. Mimi naona sura ya 14 ni kesi ile ile, imehama kutoka sahani ikaja mdomoni. Aliyenacho anatangulia, asiyenacho anakodoa macho.

#26 Kalamu Nyekundu
Mpwani, kula tano. "Mngojane" sikuwahi kuliunganisha na karama.

#27 Binti Nyamagana
Nzuri sana. Sasa nirudi kwa Fundi, maana mnampapasa tu. Fundi, swali moja, jibu kwa uaminifu. Mchungaji wako akinena kwa lugha kwenye maiki dakika kumi, bila mfasiri, na wageni wapo, unamshusha?

#28 Fundi Mitambo
...

Hapana.

#29 Binti Nyamagana
Basi ndiyo shida yangu na huu uzi. Mistari yote hiyo ya utaratibu inakuja kutafutwa akinena dada wa timu ya sifa. Akinena mwenye suti, inaitwa upako. Nimeimba miaka sita, nimeona maiki za akina dada zikishushwa kwa mambo madogo kuliko hayo. Na msiniletee 14:34 ya wanawake wanyamaze, maana 11:5 Paulo huyo huyo anazungumza na mwanamke asalipo au anapohutubu, anahangaika na kichwa kufunikwa, si mdomo kufungwa.

#30 Mnyiramba Asilia
Binti kanisemea. Sikubaliani naye kuhusu suti, lakini kanisemea.

#31 Fundi Mitambo
Binti, umenipiga pazuri. Sina jibu. Nilishusha kwa ajili ya yule baba, hilo naapa. Ila ni kweli mkono ulikuwa mwepesi kwa sababu ya nani alikuwa ameshika maiki.

#32 Mwanahistoria wa Jioni
Kwa faida ya uzi: hizi ibada zetu zina mizizi Marekani, mtaa wa Azusa, Los Angeles, mwaka 1901. Kiongozi alikuwa Mmarekani mweusi, William Seymour.

#33 Kalamu Nyekundu
Azusa ni 1906. 1901 ni Topeka, Kansas, kwa Charles Parham. Seymour alikuwa mwanafunzi wa Parham kule Houston, na kwa sababu ya sheria za ubaguzi wa rangi alisikilizia masomo nje ya mlango wa darasa. Binti Nyamagana ataipenda hiyo: aliyewekwa nje ya mlango ndiye moto ulikotokea.

#34 Binti Nyamagana
Naichapisha kwenye fulana.

#35 Mtoto wa Fizi
Miye ni Mkongomani, niko Ohio. Ibada yetu ni ya Kiswahili, lakini watoto wetu wanasikia Kiingereza tu, na wazee wengine walitoka Fizi kijijini kabisa, Kiswahili cha mahubiri kinawapita, wanataka Kibembe. Mchungaji akiwaka moto hangoji mkalimani. Anasema mambo kumi, mkalimani anasema, "Anasema Mungu ni mwema." Tunacheka, lakini watoto wameanza kubaki nyumbani.

Kuna kijana mmoja, havai suti, haimbi. Kila Jumapili anakaa katikati ya mabibi wawili, anawanong'onezea mahubiri kwa Kibembe. Hakuna aliyemtuma. Siku ile asipokuja, mabibi wanauliza mlangoni, "Sikio letu liko wapi?" Sasa ninyi mnatafuta karama ya kufasiri lugha. Ile si ndiyo?

#36 Mnyiramba Asilia
Hapana, ndugu wa Fizi. Hicho ni kipaji cha kujifunza, mtu yeyote anaweza. Karama ya kufasiri ni ya kupewa.

#37 Mikono Inasema
Mimi nilijifunza miaka mitatu, Mnyiramba. Kila siku nilitaka kuacha. Kilichonibakiza sijui nikiite cha kujifunza au cha kupewa.

#38 Mama Wawili
Kwenye 1 Wakorintho 12:28 zimetajwa "masaidiano" katikati ya miujiza na lugha. Sijawahi kuona mtu akiombewa apokee masaidiano. Kule kwetu baada ya yale yaliyonipata, kuna mama mmoja wa jikoni, wa kuosha sufuria siku za makongamano. Alikuja nyumbani jioni na unga kilo mbili, akakaa, akasema, "Siku ile niliona mkono wa mkweo ulivyokushika. Yule hana neno baya na wewe." Akanywa chai akaondoka. Sijui kama yalikuwa maono au ana macho tu. Kesho yake nikampigia mama mkwe.

#39 Sabato Njema
Hiyo ya unga mimi naiita unabii, na nyie mnajua huwa sisemi hivyo kirahisi.

#40 Githurai Moja
Kwetu Kenya hii maneno ya spika iliingia mpaka sheria, kanuni za kelele za 2009. Jirani akichoka anapiga ripoti. Kanisa letu lilipunguza spika za nje, na maajabu, hakuna malaika aliyehama.

#41 Mjukuu wa Tanga
Githurai, usiende huko, utatuingiza na sisi wa adhana alfajiri 😄

#42 Chumvi Kidogo
Karanga zimeisha. Fundi, kikao kilikwendaje?

#43 Fundi Mitambo
Mrejesho. Kikao kilikuwa Alhamisi: mimi, dada, mchungaji na wazee wawili. Mzee mmoja alinitetea kwa 14:32, "roho za manabii huwatii manabii", yaani mtu anaweza kujizuia. Mwingine akasema hiyo ni ya manabii, si ya lugha. Wakabishana wao kwa wao nusu saa, sisi wawili tumekaa kimya kama watoto. Mwishowe dada akasema, mbele ya wote, kwamba alipomwona yule baba anakwama alitamani kumbeba, na maneno ya kawaida hayakuja, yakaja yale. Nikashindwa pa kutazama. Mimi nilidhani hakumwona kabisa.

Nikamwomba radhi. Akasema yeye hana kinyongo, ila angependa siku nyingine nimshike bega badala ya kumshusha. Mchungaji akasema tutaendelea kuomba. Uamuzi haukutolewa.

#44 Mzee wa Kigango
Huyo dada nampa heshima. Na mchungaji je, kafumbua macho?

#45 Fundi Mitambo
Mzee, hiyo nakuachia wewe.

Jumapili ya leo sasa. Wakati wa maombi ya mwisho dada akaiweka maiki chini mwenyewe, akaizima, akaenda nyuma kwa mama mmoja mgonjwa, akapiga magoti, akaomba naye kwa sauti ya chini. Hakuna aliyesikia ni lugha gani. Dakika kama kumi.

#46 Mnyiramba Asilia
Na wale waliosema umemzimisha Roho, wamesemaje?

#47 Fundi Mitambo
Wamesema nimemzima tena.